Kiseyeye, Mabaharia na Sisi: Historia ya Maji ya Machungwa

Wengi wetu tukisikia neno historia tunawaza wafalme, vita na tarehe za mtihani. Leo nataka kuandika historia ya kitu kidogo sana, kitu ambacho mtu anaweza kukitengeneza nyumbani kwake bila umeme na bila mashine: maji ya machungwa. Najua wapo watakaocheka. Watasema, ndugu, watu wanahangaika na unga na kuni, wewe unatuletea habari za juisi? Subirini kidogo. Ukifuata njia ya chungwa tangu lilikotoka mpaka lilipofika kwenye meza za soko letu, utaona linapita mle mle zinamopita habari zetu: watu waliohama, watu waliobanwa mahali pamoja, na watu wanaokula chakula walichopangiwa na mtu mwingine.

Ninaandika kwa wakazi wa kambi, na pia kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida letu. Kila upande una chake cha kuchukua humu.

Mti uliohama

Chungwa si la Afrika. Wala si la Ulaya, ingawa siku hizi picha yake tunaiona kwenye maboksi yanayotoka huko. Wataalamu wa mimea wanasema chungwa ni mtoto wa matunda mawili, furungu na chenza, yaliyochanganyika zamani sana upande wa kusini mwa China na nchi za jirani. Kuna chungwa chungu, ambalo watu wa pwani wanaliita danzi, na kuna chungwa tamu, hili tunalolimenya. Yote mawili yametoka kwa wazazi hao hao.

Mwandishi mmoja Mwarabu, al-Masudi wa Baghdad, aliyeishi karne ya 10, aliandika kwamba mdanzi uliletwa kutoka India baada ya mwaka 300 wa Hijria, yaani baada ya mwaka 912 hivi. Anasema ulipandwa kwanza Oman, halafu ukapelekwa Basra kule Iraki, kisha Shamu na Misri. Huyu al-Masudi si mgeni kwetu. Mwaka 916 hivi alisafiri kwa chombo kutoka pwani ya Afrika Mashariki kurudi Oman. Kisiwa alichotokea alikiita Qanbalu, na wasomi wengi wanadhani ni Pemba.

Ameandika pia jambo moja ambalo lilileta ubishi mkubwa kwenye kikundi chetu cha vijana. Anasema tunda hilo lilipohamishwa lilipoteza harufu na rangi nzuri lililokuwa nayo India, kwa sababu halikupata hewa, udongo na maji ya kwao. Kijana mmoja kutoka Uvira alisema, "Basi ndiyo sisi hao." Wengine wakanyamaza. Lakini binti mmoja Mrundi akajibu, "Mbona machungwa ya Muheza ni matamu? Muheza ndiko yalikozaliwa?" Watu wakacheka, ila hoja yake ni ya kweli. Muheza, mkoani Tanga, inajulikana Tanzania nzima kwa machungwa, na mti ule ulifika nchini ukiwa mgeni kama sisi. Al-Masudi aliuona mti ambao ndiyo kwanza umefika. Miaka mia chache baadaye habari ikawa nyingine.

Zawadi ya Mombasa

Mwezi wa Aprili 1498, meli za Wareno chini ya Vasco da Gama zilifika Mombasa. Zilikuwa zimeondoka Lisbon Julai 1497. Njiani watu wengi waliugua. Miguu na mikono ilivimba, fizi zikavimba mpaka zikafunika meno, wakashindwa kutafuna. Ugonjwa huo kwa Kiswahili tunauita kiseyeye. Mtu akikaa miezi kadhaa bila tunda wala mboga mbichi, mwili unaanza kufumuka kama nguo ambayo uzi wake umekatika: fizi zinatoa damu, viungo vinauma, makovu ya zamani yanafunguka, na mwisho wake ni kifo.

Mfalme wa Mombasa aliwapelekea wageni wale kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Mwenzao mmoja alikuwa anaandika kumbukumbu za safari. Aliandika kwamba walipofika mji ule wagonjwa wao wote walipona, na sababu aliyoitoa ni kwamba hewa ya Mombasa ni nzuri. Hewa! Tunda walikuwa nalo mkononi, shukrani wakaipa hewa.

Mwaka uliofuata walirudi kutoka India. Kuvuka bahari kuliwachukua karibu miezi mitatu, na watu kama 30 walikufa humo baharini. Mwezi wa Januari 1499 walifika Malindi, na nahodha mkuu akatuma mtu nchi kavu kutafuta machungwa, maana wagonjwa waliyatamani sana. Yaliletwa kesho yake pamoja na matunda mengine. Lakini wengi walikuwa wameshazidiwa, wakafia hapo hapo Malindi. Safari hii pia mwandishi alisema ni hali ya hewa.

Angalieni kwamba wagonjwa wenyewe waliyataka machungwa. Mwili ulikuwa unajua kabla ya kitabu kujua. Na machungwa hayo hayakuota porini. Yalitoka kwenye bustani za watu waliosema Kiswahili, waliopanda, wakamwagilia, wakawagawia wageni. Miaka saba tu baada ya zawadi ile, mwaka 1505, meli nyingine za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliishambulia Mombasa, zikaipora na kuichoma moto.

Chungwa linafika Kongo

Sisi tuliotoka Kivu na Maniema tunapenda kusema machungwa ni ya kwetu tangu zamani. Mama mmoja mzee wa zoni yetu ameniambia, "Kule Fizi tulikuwa tunakula machungwa njiani tu, hakuna mtu alikuwa anauzisha." Sawa, lakini kuna mtu aliyeyaleta.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walipita Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakafika Nyangwe na Kasongo. Mkubwa wao alijulikana kama Tippu Tip. Walifuata pembe za ndovu na watumwa. Walikuja pia na mpunga, na lugha hii ninayoiandika, na mbegu za matunda. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yaani Kongo ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, yaliuteka mji wa Kasongo. Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa na majeshi hayo, Sidney Hinde, aliandika kwamba walikuta maghala yamejaa mchele, kahawa na mahindi. Katika bustani walikuta mapera, makomamanga, mananasi, maembe, ndizi, na machungwa ya aina zote mbili, matamu na machungu.

Hapa tusidanganyane. Bustani hizo zililimwa na watumwa. Aliyechimba shimo la mchungwa ule si aliyekaa kivulini kulinywa tunda lake. Waliokuja baada yao, wale wa mpira na viboko, hawakuwa afadhali. Ila mti hauulizi nani bwana na nani mtumwa. Watu waliokuwa wamefungwa minyororo ndio waliobaki na mbegu. Wajukuu wao ndio waliokula machungwa njiani bila kuuziwa. Na wajukuu wa hao, mwaka 1996 na miaka iliyofuata, walivuka ziwa kwa boti kurudi upande wa Kigoma, njia ile ile chungwa lilikopita kwenda kwao.

Waliojua, wakasahau

Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza iitwayo Salisbury, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye akawagawa wawili wawili. Wote walikula chakula kimoja, lakini kila jozi ilipewa dawa yake. Kulikuwa na pombe ya matufaha, asidi iliyozimuliwa, siki, maji ya bahari, na mchanganyiko wa vitunguu saumu na viungo. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Machungwa yaliisha baada ya siku sita tu. Siku sita zilitosha. Mmoja wa wale wawili alikuwa karibu kurudi kazini, na mwenzake alipata nguvu mpaka akawekwa kuwahudumia wagonjwa waliobaki.

Mtu angetegemea kwamba kesho yake kila meli ilipakia machungwa. Hapana. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753, na jeshi la maji la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia wake maji ya malimau mwaka 1795. Kati ya kitabu na kikombe ilipita miaka 42. Na Lind mwenyewe alitoa ushauri uliovuruga mambo. Matunda yanaoza safarini, kwa hiyo alisema maji yake yapashwe moto polepole mpaka yawe mazito kama asali, yatiwe kwenye chupa. Hakujua kwamba moto na kukaa muda mrefu vinaua kile kile kinachoponya. Kumbukeni hapo, nitaparudia nikifika jikoni.

Halafu wakasahau tena. Katika karne ya 19 waliacha malimau ya nchi za Mediterania wakachukua ndimu za makoloni yao ya Karibi. Ndimu zile zilikuwa na nguvu ndogo, na maji yake yalikaa muda mrefu na kupitishwa kwenye vyombo vya shaba. Msafara wao wa kwenda ncha ya kaskazini mwaka 1875 na 1876 ukakumbwa na kiseyeye, na baadhi ya wasomi wakaanza kusema labda tunda halihusiki kabisa. Ilibidi kuanza upya. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Holst na Frølich, waliwapa simbilisi chakula cha nafaka tupu wakaona wanaugua kiseyeye. Simbilisi ni wale wanyama wadogo ambao watu wengi wa Kivu wanawafuga kwa nyama. Mwaka 1932 ndipo ilipothibitishwa kwamba kinachofanya kazi ni vitamini C. Mhungaria Albert Szent-Györgyi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, na kazi hiyo ilikuwa sehemu ya sababu.

Kumbe mbuzi anajitengenezea vitamini C ndani ya mwili wake. Mbwa pia, paka pia. Binadamu hawezi, na simbilisi hawezi. Sisi lazima tuipate kwenye chakula kila siku chache, maana mwili hauiwekei akiba ya muda mrefu.

Kiseyeye cha wakimbizi

Ukiziweka habari hizi pamoja utaona kiseyeye kina watu wake. Mkulima aliye shambani kwake huwa hakimpati, hata akiwa maskini, maana atachuma jani, atakula pera, atanyonya ndimu. Kinawapata watu wanaokula chakula walichopangiwa: baharia, mfungwa, mwanajeshi aliyezingirwa. Na mkimbizi.

Simtishi mtu. Kati ya mwaka 1982 na 1985 kiseyeye kilizuka kwenye kambi za wakimbizi Waethiopia nchini Somalia na Sudan. Mwaka 1989 kikaonekana kwa wakimbizi Wasomali mashariki mwa Ethiopia. Hiyo ni miaka zaidi ya 200 baada ya majaribio ya Lind, na zaidi ya 50 baada ya vitamini yenyewe kujulikana. Mgao ulikuwa nafaka, kunde na mafuta. Unashibisha, ila hauna vitamini C. Watafiti waliofuatilia milipuko ya Somalia na Sudan walikuta kwamba hatari iliongezeka kadiri mtu alivyokaa kambini, na kwamba wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume. Someni tena hapo: kadiri mtu alivyokaa. Maana yake ugonjwa ulikuwa hautoki nao njiani. Ulikuwa unawakuta pale pale walipokimbilia.

Nilipowasomea vijana sehemu hii, binti mmoja wa miaka 16 aliuliza: "Kama watu walijua tangu 1747, mbona chungwa haliko kwenye mgao?"

Nilimjibu nilichoweza, na nakiandika hapa ili wengine waongeze. Chungwa ni zito, linaoza, halikai kwenye ghala kama mahindi. Kulisafirisha kwa maelfu ya watu ni kazi kubwa, kazi ile ile iliyomsumbua Lind. Kwa sababu hiyo mashirika huongeza vitamini kwenye unga wa uji wa watoto na wajawazito. Jambo hilo ni jema, lakini vitamini C ndiyo dhaifu kuliko zote. Unga ukikaa sana inapungua, uji ukichemka sana inapungua. Sombe yetu ni hivyo hivyo. Jani bichi la muhogo lina vitamini C nyingi, lakini tunalitwanga na kulichemsha saa nzima na zaidi, na lazima tufanye hivyo kuondoa sumu, kwa hiyo kinachofika kwenye sahani ni kidogo. Ndiyo maana tunda bichi lina nafasi ambayo gunia haliwezi kuijaza.

Hapo ndipo ninapowaomba wafanyakazi wa mashirika. Mnapomwona mama ameuza kopo la maharage ya mgao akanunua machungwa manne, msiandike kwamba hajui matumizi. Pengine anajua kuliko mwandishi wa Vasco da Gama. Na kila mara soko linapobanwa, au njia ya mkulima wa kijiji jirani kuja kwetu inapofungwa, msihesabu biashara peke yake. Hesabuni na fizi. Mtu mzima anahitaji miligramu 10 tu kwa siku ili kiseyeye kisimpate, na chungwa moja la kawaida lina kama 60 au 70. Kwa hiyo kinachotenganisha mzima na mgonjwa ni kipande cha chungwa. Ni kidogo hivyo.

Juisi ya boksi ni ya juzi

Vijana wengi wanaamini juisi ya kweli ni ile ya boksi au ya chupa, na ile ya kukamua kwa mkono ni ya watu wasio na uwezo. Historia inasema kinyume. Kwa miaka mingi watu walikula chungwa, au walikamua kidogo kwa mgonjwa. Kunywa glasi nzima kila asubuhi kulianzia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na sababu ilikuwa mazao kuzidi. Wakulima wa California walikuwa na machungwa mengi kuliko walaji, mpaka wakafikiria kukata miti. Chama chao, kinachouza kwa jina la Sunkist, kikaanza matangazo mwaka 1916 ya kuwaambia watu wanywe chungwa badala ya kula tu, na kikauza vikamulio vya bei ndogo. Chungwa moja unakula ukashiba, lakini glasi moja inamaliza matatu. Ujanja ulikuwa huo.

Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliwagawia watoto wadogo na wajawazito maji mazito ya machungwa yaliyotoka Marekani, yachanganywe na maji nyumbani. Yaani hata taifa kubwa lilipokuwa linakula kwa mgao, lilikumbuka kuweka tunda la watoto. Katika miaka ya 1940 huko Florida wakagundua namna ya kuyafanya mazito na kuyagandisha bila kuharibu ladha sana, na tangu hapo kiwanda kikachukua nafasi ya mkono.

Kwa hiyo anayekamua kwa mkono hajabaki nyuma. Anakunywa ile ambayo kiwanda kinajaribu kuiiga.

Sasa twende jikoni

Glasi moja inataka machungwa matatu ya kiasi. Usichague kwa rangi. Nchi zenye joto chungwa linaweza kuiva likabaki kijani, kwa sababu rangi ile ya kwenye picha inaletwa na baridi ya usiku. Wageni wengi wanapita meza zetu wakidhani tunauza mabichi. Wewe chagua kwa mkono: chungwa zito kuliko linavyoonekana, lenye ngozi laini na nyembamba, ndilo lenye maji.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha machungwa na kisu kwa maji safi, hata kama hutakula ganda, maana kisu kinachukua uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Libingirishe kila moja juu ya meza au ubao kwa kiganja, ukilikandamiza kidogo, mpaka ulihisi limelainika. Likate katikati kwa upande wa tumbo, siyo kutoka kikonyoni. Kamua juu ya kikombe kwa kuzungusha uma au mpini wa kijiko safi ndani yake. Toa kokwa kwa chujio la chai. Nyamanyama usizitupe, ni chakula. Usikandamize ganda mpaka mwisho, mafuta yake yatatia uchungu.

Usichemshe. Aliyechemsha ni Lind. Usiongeze maji, ukilazimika, yawe yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Sukari haihitajiki kama chungwa limeiva. Kunywa hapo hapo, au ndani ya muda mfupi ikiwa imefunikwa, kwa sababu hatuna friji na jua letu mnalijua. Wanaouza kwenye ndoo tangu asubuhi hadi jioni wafikirie hilo, hasa wakati wa kipindupindu.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe. Chakula chake ni maziwa ya mama tu, na mama akipata tunda, mtoto ameshapata yake humo humo. Mwenye vidonda vya tumbo aangalie linamfanyia nini, na mwenye kisukari aulize zahanati.

Na ukiwa na chungwa moja tu nyumbani na watoto ni wanne, acha glasi. Likate vipande vinne. Au limenye kama wauzaji wa barabarani wanavyofanya, ganda la juu tu kwa mzunguko mmoja mrefu, ukibakiza lile jeupe, ukate kofia, mtoto alikamue mdomoni mwenyewe. Hiyo ni juisi isiyohitaji glasi wala chujio. Kama machungwa ni ghali msimu huo, pera linatosha na kuzidi: kwa uzito ule ule lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa.

Kupanda au kutopanda

Kuna neno nimelisikia tangu nikiwa mtoto: "Usipande mti, mwakani tutarudi." Limesemwa mwaka baada ya mwaka. Mchungwa wa mbegu unaweza kuchukua miaka mitano, saba, hata zaidi kabla ya kuzaa. Ukibebeshwa kwenye shina la limau, miaka mitatu au minne. Ukitunzwa unazaa miaka mingi sana. Aliyefika na mbegu mfukoni mwaka 1996 na akaipanda, angekuwa amekula tangu watoto wake wako shule ya msingi.

Siwalaumu wazee. Kupanda mti wa kudumu mahali ambapo umeambiwa ni pa muda kunauma. Ni kama kukubali. Na wengine wana kipande kidogo ambacho hakitoshi hata mchicha. Lakini tumesoma hapa kwamba waliopanda Kasongo hawakuwa huru, na mti haukuwasaliti. Watu wa Mombasa hawakujua nani atakuja kula, na hata hivyo bustani ilikuwepo siku wagonjwa walipofika. Kupanda si kusema hatutarudi. Tukirudi, mwenyeji atakula, na katika kijiji tutakachorudia tutamkuta mti ambao mtu mwingine aliyekimbia aliuacha.

Kikundi chetu kimeotesha miche 14 ya limau kwenye makopo ya mafuta nyuma ya ukumbi wa vijana. Ikifikia unene wa penseli tutaibebesha macho ya mchungwa mtamu, na mzee mmoja aliyekuwa mwagronomi kule Kongo amekubali kutufundisha. Tunahitaji mingi zaidi, angalau mmoja kwa kila kijiji cha kambi. Kwa hiyo ukikamua malimau wiki hii, kokwa usizitupe wala usizikaushe juani, zitakufa. Zifunge kwenye kitambaa kibichi utuletee Jumamosi.